Viza ya Kozi ya Kijerumani: Jibu kwa Kijana wa Kasulu

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa kijana wa Kasulu anayetaka kwenda Leipzig, Ujerumani, kusoma Kijerumani, naye ameshauriwa na wakala aombe viza ya matembezi ya siku 90, kisha aibadilishe akishafika. Namjibu hadharani kwa sababu hayuko peke yake, na kwa sababu mimi mwenyewe, nilipokuwa bado naishi Mwanga, mjini Kigoma, niliambiwa maneno hayohayo na wakala aliyetaka alipwe kwanza, tena taslimu. Sikumlipa. Ndugu zangu walinicheka kwamba najifanya mjuaji, na sifichi kwamba kicheko kile kinaniuma hadi leo, ingawa ni haohao walionisindikiza stesheni siku ya safari.

Mtanzania anayekwenda kwa kozi inayozidi siku 90 huomba viza ya kitaifa, yaani ya kukaa muda mrefu, akiwa bado nyumbani. Ile ya matembezi, iitwayo ya Schengen, ni ya muda mfupi, na aliyeingia nayo kwa kawaida hulazimika kurudi na kuomba upya. Kozi yenyewe lazima iwe ya kina, angalau saa 18 za masomo kwa wiki. Ya jioni au ya mwisho wa wiki haikubaliki. Kwa hiyo barua ya chuo inayosema tu kwamba umepokelewa haitoshi, bali itaje saa hizo, tarehe ya kuanza na kumaliza, na kiwango unachokusudia kufikia.

Kazi kubwa iko kwenye fedha. Tangu Septemba 2024 mwanafunzi hutakiwa kuonyesha euro 11,904 kwa mwaka, yaani 992 kwa mwezi, na anayekwenda kwa kozi ya lugha pekee huongezewa asilimia 10. Wengi huziweka katika akaunti maalumu iitwayo Sperrkonto, ambamo hutoi zaidi ya kiasi cha mwezi kwa mwezi. Asiye nazo anaweza kudhaminiwa na mtu anayeishi Ujerumani, anayetia saini ahadi ya kisheria katika idara ya wageni ya mji wake. Barua ya mjomba iliyoandikwa kwa mkono haihesabiki.

Zangu zilitoka kwa mama, mfanyabiashara wa dagaa pale Kibirizi. Taarifa yake ya benki ilijaa viasi vidogovidogo, kisha kimya cha siku kadhaa kila mwezi, maana wakati wa mbalamwezi dagaa hawavuliki. Wakala alitaka tutumbukize mamilioni kwa mkupuo ili taarifa ipendeze. Badala yake tuliambatisha leseni ya biashara, stakabadhi za ushuru, na ukurasa mmoja unaoeleza ule ukimya. Dirishani, kwenye ubalozi wa Ujerumani pale Umoja House, afisa aliusoma wote, akatabasamu, kisha akauliza lililo gumu kuliko fedha: kwa nini nisiendelee kusoma Goethe-Institut, taasisi ya lugha ya Kijerumani, hapahapa Dar es Salaam? Nilimjibu kwamba B1, yaani kiwango cha kati cha lugha, nilikuwa nayo tayari, na kwamba vyuo vikuu vingi vya kwao, kwa masomo yanayofundishwa kwa Kijerumani, hudai kiwango kinachokaribia C1, yaani cha juu. Vijana wenzangu, jibu la swali hilo halinunuliwi kwa wakala wala halikaririwi. Lazima ujue unakwenda kutafuta nini, na ukiseme mwenyewe.

Mengine ni uangalifu tu. Cheti cha kuzaliwa cha RITA, vyeti vya NECTA na pasipoti vilingane majina herufi kwa herufi, jambo linalotusumbua sana sisi tulioandikiwa jina la ukoo namna mbili. Bima ya afya nayo usiisahau. Hakikisha haya yote kabla ya kupanda basi, kwa sababu kosa la herufi moja hulirekebishi ukiwa Dar na ofisi iliyokuandikia iko Kigoma.

Na usihesabu huruma ya baadaye. Tangu Julai 1, 2025 balozi za Ujerumani hazipokei tena maombi ya kupitia upya uamuzi wa kunyimwa viza, hivyo aliyekataliwa ama aombe upya ama afungue kesi katika mahakama ya utawala ya Berlin, na ile ada ya euro 75 hairudishwi.