Kabla hujaandika historia ya Jengo la 30 Juni: maneno kwa wanafunzi wanaoanza utafiti Lubumbashi

Kila mwaka hunijia wanafunzi wawili au watatu wa historia wanaotaka kuandika kazi yao ya mwisho wa masomo juu ya jengo fulani la mji wetu, na mara nyingi jengo wanalolichagua ni teatri ya zamani, ambayo wenyeji wote wanaijua kwa jina la bâtiment ya trente juin, yaani Jengo la 30 Juni. Chaguo hilo ni zuri. Hata hivyo ningependa wajue mapema mahali nilipojikwaa mimi, kwa sababu nimeona wengi wakijikwaa palepale.

Katika andiko langu la kwanza nilisema kwamba jengo hilo lilijengwa kwa ajili ya uhuru. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nililichukua jina lake kana kwamba ni cheti cha kuzaliwa: uhuru wa Kongo ulipatikana tarehe 30 Juni 1960, jengo linaitwa 30 Juni, basi hesabu nikaiona imekamilika. Mzee mmoja wa Kamalondo aliyeisoma rasimu yangu, akiwa amevaa miwani ya mjukuu wake, alicheka mpaka akaivua. Aliniambia kwamba uhuru uliikuta teatri imekwisha kusimama, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa kijana walipokuwa wakiinua kuta zake. Alisema kweli. Jengo lilichorwa na msanifu Mbelgiji Claude Strebelle pamoja na wenzake wa kundi la wasanifu la Yenga, na ujenzi wake ulichukua miaka ya 1953 hadi 1956, wakati mji ukiitwa Elisabethville.

Kwa hiyo swali la kwanza la mtafiti liwe hili: kwa nini miaka ile? Jibu halimo katika sanaa ya maigizo. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa sababu ya shaba, na vita vya Korea vilipoipandisha bei ya madini mwanzoni mwa miaka ya 1950, fedha zilipatikana za kujenga vitu ambavyo mji wa mgodi hauvihitaji ili kuyeyusha madini. Wakati huohuo serikali ya kikoloni ilikuwa ikitekeleza mpango wake wa miaka kumi, wa 1949 hadi 1959. Msiitenganishe teatri na jirani zake, yaani shule ya muziki na jumba la makumbusho, kwa maana mtu akiviangalia pamoja ndipo anapoona kwamba Wazungu wa Elisabethville walikuwa wakijijengea kitovu cha utamaduni wakiamini kwamba watakaa siku nyingi. Miaka minne baada ya kazi kumalizika, bendera ya Ubelgiji ilishushwa. Ukitaka kulielewa jengo hili, kaa kwanza na miaka hiyo minne, uiulize ilikuwaje, kabla ya kukimbilia yaliyofuata.

Hapo ndipo penye ugumu wa vyanzo. Gazeti la L'Essor du Congo, lililoanza kuchapishwa hapa mwaka 1928, lina habari nyingi za maisha ya mji, lakini lilikuwa likiandikia wasomaji Wazungu. Ukilisoma peke yake utadhani mji mzima ulikuwa umekaa ndani ya ukumbi. Kumbukeni kwamba Wakongo walikaa katika mitaa yao, Kamalondo, Kenya, Katuba, na katika makambi ya wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, na kwamba kati ya mji wa Wazungu na cité, yaani mitaa ya Waafrika, paliachwa eneo tupu kwa makusudi. Nisingependa mwanafunzi aandike kwamba hakuna Mwafrika aliyewahi kukaa kwenye viti vile, wala kwamba mlango ulikuwa wazi kwa kila mtu. Hayo mawili ni maneno ya kukisia. Siku zile kulikuwa na watu wachache wenye kadi ya ustahili wa kiraia, iliyoanzishwa mwaka 1948, ambayo serikali ya kikoloni iliwapa Wakongo iliowaona «wamestaarabika». Waulizeni watoto wao, na waulizeni pia wale ambao baba zao hawakuwa nayo. Msisahau kwamba maigizo ya Kiswahili yaliyowachekesha watu wa mji huu, ya kundi la Mufwankolo kwa mfano, yaliwafikia wengi kwa redio na baadaye televisheni, bila kuhitaji ukumbi wa Strebelle.

Baada ya uhuru ukumbi ulipata kazi ya siasa, na ndiyo kazi iliyobaki nao: wabunge wa jimbo la Katanga, na tangu jimbo hilo lilipogawanywa mwaka 2015 wabunge wa Haut-Katanga, ndio wanaokutana humo. Kwa mtafiti jambo hili lina matokeo ya kawaida kabisa, ambayo vitabu vya mbinu za utafiti havitaji. Huwezi kuingia na kamera kama unavyoingia makumbusho. Peleka barua ya utambulisho kutoka kitivo chako, subiri, rudi, subiri tena, na usipige picha hata ya mlango kabla hujaruhusiwa. Mimi nilisubiri wiki tatu, nikazitumia kuchora kwa mkono sura ya nje ya jengo, na michoro hiyo ilinifundisha kuliko picha zote nilizopiga baadaye.

Jambo dogo kuhusu majina: katika orodha za nyaraka tafuteni chini ya Elisabethville, kwa maana jina la Lubumbashi lilichukuliwa rasmi mwaka 1966.

Lililobaki ni mazungumzo na wazee. Usimwulize mzee wa miaka themanini na mitano jambo fulani lilitokea mwaka gani. Mwulize kama lilikuwa wakati wa Wabelgiji, wakati wa Tshombe aliyeitenga Katanga na Kongo, wakati wa vita ya ONU, yaani Umoja wa Mataifa, au wakati wa Mobutu, naye atakupa mpangilio ulio thabiti kuliko tarehe yoyote utakayomlazimisha kuitaja. Mwache aongee Kiswahili cha hapa, na uandike kama alivyosema, bila kumsahihisha ngeli. Nami siku hizi naanza kila mazungumzo kwa swali moja, kwamba wakati wa Wabelgiji yeye na wenzake waliingia teatri kwa mlango gani. Mama mmoja wa Katuba alinitazama kwa muda, kisha akajibu: «Mulango gani, mwana? Shiye tulikuwa tunapita tu mu balabala.»