Kabla hujanunua vitabu vya ufafanuzi: jibu refu kuhusu kujifunza Biblia kwa kina

Bwana Yesu asifiwe, ndugu yangu. Umeandika kwamba umeimaliza Biblia mara mbili kwa kufuata ratiba ya mwaka mmoja, lakini ukiulizwa Hosea anasema nini unabaki kimya, na kwamba una akiba kidogo unayotaka kununulia vitabu vya ufafanuzi wa Biblia. Unauliza ununue vitabu gani na uanzie wapi. Nitajibu kwa yale yaliyonipata mwenyewe hapa Dodoma, ambako ninafundisha sekondari na ninashiriki kikundi kidogo cha kujifunza Biblia mtaani kwetu kwa mwaka wa kumi na moja sasa. Mimi si mchungaji, wala sijakaa darasa la theolojia, kwa hiyo pima maneno yangu.

Kwa maoni yangu, iache akiba hiyo kwanza. Ratiba ya mwaka inagawa sura 1,189 kwa siku 365, yaani zaidi kidogo ya sura tatu kila siku, na anayesoma kwa mwendo huo huwa anakimbizana na tarehe. Haibaki nafasi ya kuuliza swali. Usipokuwa na swali, kitabu cha ufafanuzi kitakupa majibu ya maswali ya mtu mwingine, nawe utayasahau kama ulivyomsahau Hosea.

Niliyajua haya kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza wa ualimu niliombwa niwatie moyo wanafunzi wa kidato cha nne kabla ya mtihani wa mwisho, nami nikachukua Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu," nikalihubiri andiko hilo kana kwamba ni ahadi ya kufaulu hisabati. Nilishangiliwa. Tulipotoka nje, mzee mmoja wa kanisa, mtu wa Mvumi, alinivuta pembeni akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, hapo juu yake Paulo alikuwa anasema nini?" Sikujua. Nilipofika nyumbani nikafungua na kukuta kwamba mtu huyu anaandika akiwa kifungoni, na kwamba mstari wa 12 unasema amefundishwa "kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa". Mambo yote anayoyaweza ni pamoja na kulala njaa. Wale wanafunzi waliofeli mwaka ule ndio waliokuwa na haki zaidi ya mstari huo, nami nilikuwa nimewanyima.

Tangu hapo nilianza kusoma kitabu kimoja kizima kwa kukirudiarudia. Wafilipi una sura nne na mistari 104; ukiusoma kwa sauti bila haraka unaumaliza kwa takribani robo saa, na ndivyo ulivyokusudiwa, kwa kuwa ulikuwa barua iliyosomwa mbele ya watu. Nikausoma kila asubuhi kwa mwezi mzima. Wiki ya kwanza inachosha, sitakuficha. Wiki ya pili unaanza kuona maneno yanayojirudia, na kufikia ya tatu unajua kwamba furaha inatajwa tena na tena na mtu ambaye hajui kama ataachiwa au atauawa. Katika usomaji huo usizitazame namba. Mistari ya Agano Jipya ilipewa namba na mchapaji Robert Estienne mwaka 1551, nayo hukata sentensi mahali ambapo mwandishi hakupumzika.

Sambamba na kusoma, nakili. Nilinunua kaunta buku, ukurasa wa kushoto nikanakili waraka kwa mkono, wa kulia nikaandika maswali tu, bila majibu. Mkono hauwezi kuruka neno kama jicho linavyoruka.

Kunakili ndiko kulikonionyesha kwamba sisi tunaosoma kwa Kiswahili tuna kitu ambacho msomaji wa Kiingereza cha leo hana. Kiingereza kina neno moja kwa anayeambiwa, awe mtu mmoja au umati. Kiyunani, lugha ambayo Agano Jipya liliandikwa kwayo, kinatenganisha, na Kiswahili kinatenganisha vilevile. Soma Luka 22:31-32 uone. Yesu anamwita Simoni kwa jina mara mbili, kisha anasema Shetani "amewataka ninyi" awapepete kama ngano, halafu anageuka: "lakini nimekuombea wewe". Wanaopepetwa ni wote. Anayetajwa kuombewa ni mmoja, na mmoja huyo anapewa kazi ya kuwaimarisha wenzake. Nilikuwa nimeusoma mstari huo mara nyingi pasipo kuuona, mpaka siku nilipoandika "ninyi" na "wewe" kwa kalamu yangu vikiwa vimekaribiana. Vivyo hivyo katika 1 Wakorintho 3:16, hekalu la Mungu ni "ninyi", kanisa lile zima lililokuwa likigombana, ingawa andiko hilo huku kwetu hutumiwa zaidi kumkataza mtu mmoja asivute sigara.

Kisha tumia tafsiri zaidi ya moja. Union Version ya mwaka 1952 ndiyo iliyokaa masikioni mwa wengi wetu, na Habari Njema, iliyotoka nzima mwaka 1995, ni nyepesi zaidi kwa msomaji wa leo. Kama unajua Cigogo au lugha nyingine ya nyumbani yenye Biblia, iweke nayo mezani. Lakini hata ndani ya tafsiri ileile linganisha andiko na andiko. Hapa nina mfano ninaoupenda kuliko yote.

Katika Kumbukumbu la Torati 11:14, Union inasema Mungu atawapa Waisraeli "mvua ya masika, na mvua ya vuli". Mtu wa Tanga au wa pwani akisoma hivyo anaona misimu miwili ya mvua yenye ukavu katikati, kwa sababu kwao ndivyo ilivyo. Yakobo 5:7, katika Biblia hiyohiyo, inasema mkulima huvumilia mpaka mazao yapate "mvua ya kwanza na ya mwisho". Nilijiuliza kama ni mvua zilezile, nikaenda kwenye kamusi ya Biblia, nikakuta kwamba ni zilezile. Kule Palestina mvua ni ya msimu mmoja: ya kwanza hushuka kuanzia Oktoba hivi na kulainisha ardhi iliyokauka ili jembe lipite, kati ya Desemba na Februari ndipo inaponyesha zaidi, ya mwisho, Machi hadi Aprili, ndiyo inayojaza punje kabla ya mavuno. Sasa ondoka Tanga uje Dodoma. Mvua yetu nayo ni ya msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na kila mwenye shamba la mtama anajua maana ya mvua kukatika mapema: bua limesimama, suke limetoka, ukilipukuta punje zimesinyaa. Mkulima wa Yakobo anafanana na wa Chamwino kuliko wa pwani. Hangoji msimu mwingine. Anangoja mvua aliyokwisha kuiona ikianza ifike mwisho wake. Nilipowaeleza hayo wenzangu kikundini, walinishangaa kwamba nilihitaji kamusi kuyajua.

Usiiamini ardhi yako kupita kiasi, hata hivyo. Zabibu zetu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka na za Palestina mara moja, kwa hiyo ukisoma Isaya 5 ukumbuke kwamba mwenye shamba lile akipata zabibu-mwitu amepoteza mwaka mzima.

Lakini zabibu zilinisaidia mahali pengine. Katika Yohana 15:2 Union inasema tawi lizaalo "hulisafisha, ili lizidi kuzaa", na kwa miaka mingi nilidhani Baba analipangusa vumbi. Siku moja nilikuwa Hombolo wakati wa kupogoa. Mwenye shamba alishika tawi la kijani, nene, lisilo na doa, akalikata kwa mkasi akabakiza macho mawili. Nikamwuliza lina ugonjwa gani. Akasema, "Halina ugonjwa. Nikiliacha litajaza majani tu." Mahali alipokata palianza kutoa maji, tone kwa tone. Baadaye nilitafuta neno la Kiyunani lililotumika hapo nikakuta ni kathairo, ambalo maana yake ni kusafisha na ambalo wakulima walilitumia pia kwa kupogoa. Na mstari wa 3 unaofuata, "Ninyi mmekwisha kuwa safi", umejengwa kwa neno la ukoo huohuo. Tafsiri nyingi za Kiingereza huandika kupogoa katika mstari wa 2 na usafi katika wa 3, na uzi unakatika. Union imeuacha uzi ule wazi, safisha na safi, ila msomaji asiyemjua mwenye mkasi hafahamu kwamba kusafishwa huko kunauma. Mara nyingine Kiswahili ndicho kinachopoteza: katika Yohana 3:8, upepo na Roho ni neno moja kwa Kiyunani, nasi tunayasoma mawili.

Sasa vifaa, kwa kifupi, maana najua ndivyo ulivyovitaka. Programu ya YouVersion ni ya bure, ina tafsiri za Kiswahili, na baadhi unaweza kuzipakua ukasoma bila bando. Kwa Kiebrania na Kiyunani, kama unakimudu Kiingereza vizuri, tumia STEP Bible ya Tyndale House ya Cambridge, nayo ni ya bure. Ukigusa neno inakuonyesha lilivyo katika lugha ya awali na mahali pengine lilipotumika, kazi ambayo zamani ilifanywa kwa namba za James Strong, ambaye itifaki yake, yaani orodha ya maneno ya Biblia na mahali yanapopatikana, ilitoka mwaka 1890. Tafuta pia itifaki ya Kiswahili na kamusi ya Biblia, na uzitazame zile ramani za kurasa za mwisho. Chama cha Biblia cha Tanzania kina makao makuu hapa Dodoma. Wachungaji wengi wa huku wamepita vyuo vya theolojia vya Kongwa au Msalato na wana vitabu nyumbani. Azima, na urudishe. Kitabu cha ufafanuzi nitakachokubali ununue mwishoni ni kile kimoja kikubwa kiitwacho Africa Bible Commentary, kilichotoka mwaka 2006, kimeandikwa na wasomi 70 wa Kiafrika.

Tahadhari moja kuhusu Kiyunani, kwa sababu mimi mwenyewe niliumia nacho. Utasikia mimbarini kwamba "nguvu" ya Warumi 1:16 ni dunamis, kwa hiyo Injili ni baruti inayolipua. Alfred Nobel aliisajili dainamaiti yake mwaka 1867 akaiazimia jina kutoka Kiyunani; Paulo hakupata kuisikia. Maana ya neno hutokana na jinsi mwandishi wake anavyolitumia.

La mwisho, usijifunze peke yako, na kikundi chako kisiwe cha wasomi watupu. Ukiniuliza kitabu cha kuanzia, nitakuambia Ruthu: sura nne, mistari 85, na habari nyingi za mashambani. Sisi tulipofika 2:17, panaposema Ruthu alipura alichookota akapata kama efa ya shayiri, nilieleza kwa kujiamini kwamba efa hukadiriwa kuwa lita 22 hivi, yaani debe na kidogo. Mama mmoja ambaye amelima uwele maisha yake yote aliiweka Biblia magotini akasema haiwezekani. "Mwalimu, kuokota masazo nyuma ya wavunaji, kutwa nzima, ukijitahidi unapata sado mbili. Debe zima? Hao walikuwa wanamwangushia makusudi." Tukarudi mstari wa 16, ambao nilikuwa nimeupita mbiombio, na humo Boazi, mwenye shamba, anawaamuru vijana wake wachomoe masuke kutoka kwenye matita yao wayaache ayaokote, wala wasimkemee. Yule mama alikuwa amekwisha kufika mstari wa 19, ambako Naomi, akiona mzigo ule, anamwuliza mkwewe ameokota wapi leo. Akacheka. "Si mnaona? Naye alijua vipimo."