Kukanda si kuunguza: ipe ngozi muda wake

Juzi dada mmoja wa Malindi kaniandikia: “Shikamoo bibi. Babangu ana sukari na miguu imemfa ganzi. Namkanda kwa maji ya moto kila usiku, lakini hasikii kitu wala ngozi haibadiliki rangi. Niongeze moto?”

Nilimjibu papo hapo, hata buibui sijavua: usiongeze, na kumkanda miguu acha kabisa. Maelezo ndiyo haya, maana najua wengi mnafanya vivyo hivyo.

Mimi nakanda wazazi, yaani wanawake waliotoka kujifungua, hapa Lamu, kazi niliyoachiwa na marehemu mamangu. Kijana mmoja wa hospitali, simtaji wala sitaji alikotoka, aliwahi kuniambia mbele ya mzazi wangu na mavyaa wake kuwa mimi nachezea maji tu. Nilinyamaza, lakini lilinikaa. Nikamkalisha mpwa wangu anayesomea uuguzi anisomee kitaalamu: moto ukigusa ngozi, damu hufanya nini? Na leo huyo kijana aje tuzungumze.

Ukiipasha ngozi sehemu moja hadi nyuzijoto 42 hivi, na joto ukalishikilia hapo, damu huja mara mbili. Mara ya kwanza ni upesi, ndani ya dakika chache. Ncha za mishipa ya fahamu zikihisi moto hutoa kemikali zinazopanua vishipa vya damu palepale, bila kungoja amri ya ubongo. Kisha damu hupungua kidogo. Halafu hupanda tena, polepole, na kwenye dakika ya 30 hivi huwa imetulia juu. Kupanda huku kwa pili hutegemea zaidi naitriki oksaidi, gesi ambayo kuta za vishipa zenyewe huitengeneza. Watafiti wa Marekani walilionyesha hilo mwaka 2001: penye dawa ya ganzi, damu ya mara ya kwanza ilipungua, gesi ilipozuiwa, ile ya pili ndiyo iliyoshuka sana.

Mamangu hakuijua gesi yoyote, lakini alikuwa hanyanyui kitambaa mapema, na alikuwa hamwagi maji ya kuchemka juu ya mzazi ati kwa sababu mwili “haujaitika”. Nyinyi wa siku hizi mna haraka. Dakika tano hazijesha, mnataka birika jingine! Subirini. Kitambaa kikipoa, rudisheni kwenye joto lilelile, msizidishe. Maji ya nyuzijoto 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache, na mzazi aliyechoka huona haya kusema inamuuma. Muulizeni. Mkishamuuliza, muulizeni tena.

Na hilo la kutazama rangi, jamani, ngozi zetu nyeusi hazionyeshi wekundu kama wanavyoandika vitabuni. Mimi hushika kwa mgongo wa mkono.

Sasa mwenye sukari. Ile mishipa ya fahamu inayoita damu mwanzo ndiyo hiyo hiyo iliyokufa ganzi, na kuta za vishipa nazo mara nyingi zimedhoofika, gesi haitoki vya kutosha. Damu inayopita ndiyo pia inayoondoa joto kwenye ngozi. Ikiwa chache, joto hujikusanya pale pale. Kwa hiyo mguu huo huungua upesi zaidi, na mwenyewe hana habari mpaka aone lengelenge. Kidonda cha mguu wa sukari mnakijua kinavyomaliza watu.

Dada, miguu ya baba ikague kila siku, nyayo na katikati ya vidole. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu uliyoyapima wewe kwa kiwiko, kisha ikaushe vizuri. Akisikia baridi usiku, mvishe soksi, chupa ya maji ya moto usimwekee kitandani. Na umpeleke kliniki ya sukari wakaipime hiyo ganzi.