"Still" ikihama, lori linavuka mpaka

SWALI: Ndugu Mhariri, nashughulika na mizigo hapa Malaba. Mteja wa Kampala aliulizia lori lake linalotoka Mombasa, nikamjibu kwa ujumbe wa simu: "The driver isn't still at Malaba." Nilikusudia kusema bado hajafika Malaba. Yeye akaelewa kwamba limeshapita, akaita vibarua wa kupakua, wakangoja bure hadi jioni. Nimekosea wapi?
Karani, Malaba

JIBU: Maneno yako yote ni sahihi, ila umeyapanga vibaya. "Still" likifuata ukanusho, kinachokanushwa ni kule kuendelea kuwapo. "Isn't still at Malaba" maana yake hayuko tena Malaba, ameshaondoka. Likitangulia ukanusho, "still isn't at Malaba", ndipo dereva anakuwa hajafika. Mteja wako alisoma ulichoandika.

Kinachotuponza ni "bado" yetu, maana inafanya kazi mbili. Tukisema "bado yuko Malaba", jambo linaendelea. Tukisema "bado hajafika", jambo halijatokea. Kama unakijua Kiganda, mizani unayo tayari: "akyakola" ni bado anafanya kazi, "tannakola" ni hajafanya kazi bado, na hakuna anayezichanganya. Panapokuja -kya-, andika "still": "The driver is still at Malaba." Panapokuja -nna-, andika "not" na uiache "yet" mwishoni: "The driver has not arrived yet."

Unaweza pia kuandika "The driver still hasn't arrived", na sarufi haina kosa, lakini sentensi hiyo ina manung'uniko ndani yake: tulimtazamia zamani, mbona haji? Mteja akikuandikia hivyo, jua subira inamwishia. Wewe karani mjibu kwa "not yet", ni ya upole zaidi.

Katika sentensi isiyo na ukanusho, "still" hukaa baada ya am, is, are, was na were, lakini kabla ya kitenzi kingine: "He still drives that lorry." Pakiwa na kitenzi kisaidizi, huingia katikati: "He can still reach Kampala today." Na usiandike "The lorry is yet at Malaba", hicho ni Kiingereza cha kale. Ila "The lorry is yet to arrive" ni sawa, halijafika.

Tena, mtu akikuuliza kama lori limefika, Kiswahili kinatosheka na "Bado." Usimjibu "Still." Hataelewa kitu. Jibu ni "Not yet."

SWALI: Hotelini mhudumu ameniuliza, "Still or sparkling?" Bado nini?
Msomaji, Jinja

JIBU: Hapo si "bado" kabisa. Anauliza maji: yasiyo na gesi au yenye gesi? "Still" hiyo ni kivumishi, yaani tulivu, na ndiyo mwalimu anayoitumia akimwambia mtoto "Sit still", kaa tuli. Ikianza sentensi na kufuatwa na mkato, "Still, we paid", ni hata hivyo: hata hivyo tulilipa. Ikifuata "better" au "worse" ni zaidi: "worse still", vibaya zaidi.