Vifuko vya maji kwenye ini: tafadhali msikubali sindano ya mtaani

Mkuu uliyeuliza kuhusu mama yako wa Monduli, aliyeambiwa ana vifuko vya maji kwenye ini kutokana na minyoo ya mbwa: pole sana, na mfikishie pole mama. Umesema ndugu wanamkataza nyama, na kuna mtu ameahidi kumvuta hayo maji kwa sindano nyumbani. Hiyo sindano naomba mkatae kabisa. Ugonjwa huu umenipata mwenyewe.

Mimi kwetu Longido, siku hizi naishi Arusha mjini. Nilianza kusikia uzito chini ya mbavu za kulia, nikila kidogo nimeshiba. Zahanati ya kwanza wakanipa dawa za vidonda vya tumbo, nikazimeza karibu mwaka. Siku nilipopigwa altrasaundi, daktari alinigeuzia kioo nione: duara jeusi, kubwa kuliko chungwa, na ndani yake viduara vidogo vimebanana. Nikakumbuka nyumbani papo hapo. Tulipokuwa tukichinja kondoo, mara nyingine baba mdogo alikuta kwenye ini malengelenge meupe yenye maji maangavu. Alikikata kile kipande akakirusha, na mbwa akakidaka kabla hakijagusa chini. Jioni mbwa yuleyule tunamshikashika, kisha tunakula kwa mikono hiyohiyo.

Njia ni hiyo. Tegu mwenyewe, yaani huyo mnyoo wa mbwa, ni mdogo, milimita chache tu, anakaa kwenye utumbo wa mbwa aliyekula maini yenye malengelenge kama yale. Mayai yake hutoka na kinyesi, yakashika kwenye manyoya, mboga na maji. Mtu akiyameza, kiluwiluwi hutoboa utumbo na kufuata damu, mara nyingi kikaishia kwenye ini, wakati mwingine mapafu. Kifuko hukua taratibu, miaka na miaka, kwa hiyo huenda mama aliupata zamani sana. Nyama haikumpa ugonjwa huu, mwacheni ale.

Sasa sindano. Yale maji yamejaa vichwa vya minyoo. Yakimwagika tumboni, mwili unaweza kushtuka vibaya kwa mzio hata mtu akafa, na vichwa vile huota vifuko vipya. Kuna hospitali ambako wataalamu huvuta maji kwa sindano, lakini wanafanya hivyo wakiangalia altrasaundi, mgonjwa akiwa anameza albendazoli, dawa ya minyoo, na dawa za mzio ziko mkononi. Tena si kila kifuko kinafaa. Changu kilikuwa na vifuko vitoto ndani, vile viduara vidogo, ndiyo maana nilipasuliwa. Kifuko kidogo huweza kutibiwa kwa vidonge hivyo peke yake, na kilichokwisha kufa huachwa, kikafuatiliwa kwa picha. Muulizeni daktari cha mama ni cha aina gani na kina sentimita ngapi.

Albendazoli nilimeza miligramu 400 asubuhi na jioni, kabla na baada ya upasuaji, pamoja na chakula chenye mafuta ili iingie vizuri mwilini. Asikose kupimwa damu, maana dawa hii inaweza kuliumiza ini.

Nyumbani tumechimba shimo refu la kufukia maini na mapafu yenye malengelenge, na mbwa wanapewa prazikwanteli, dawa ya kuua tegu. Baba mdogo alibisha mpaka nilipomwonyesha kovu. Sasa shimo analifunika yeye mwenyewe. Nanyi chimbeni lenu, na watoto wote wa boma wapigwe altrasaundi.