Alaska kuungua mwezi Juni

Ndugu, umeuliza inakuwaje misitu ya Alaska, jimbo la Marekani la kaskazini kabisa, iungue Juni wakati theluji imeyeyuka juzi tu. Tatizo ni jua. Fairbanks, mji wa huko Alaska, mwezi huo jua linakaa angani karibu saa 22 kwa siku, na mvua nyingi huja baadaye, Julai na Agosti. Mei moto mwingi huwashwa na watu, maana majani ya mwaka jana yamekauka na mapya hayajaota. Juni ni zamu ya radi.

Kinachonitisha zaidi ni kilicho chini ya miguu. Misonobari ya kule imesimama juu ya tabaka nene la mimea laini na majani yaliyooza nusu. Siku chache za joto bila mvua, juu panakauka kabisa. Moto ukiingia humo unafukuta chini kwa chini, na mara nyingine unavuka majira ya baridi chini ya theluji na kuibuka tena mwaka unaofuata.

Mwaka 2004 ziliungua ekari milioni 6.6 hivi. Kama mwanao anasoma Fairbanks na ana pumu, mwambie aandae mapema chumba cha kujikinga na moshi, madirisha yazibe vizuri.