Kuendesha pikipiki kwa leseni ya gari

Mkuu, umeuliza kama leseni yako yenye madaraja ya magari, B na D, inatosha kwa hiyo pikipiki ya cc 150 uliyonunua. Haitoshi. Kwa hapa Tanzania pikipiki zina madaraja yake: A1 ni za chini ya cc 125, A ni za juu ya hapo. Ya kwako inaangukia A. Usikubali kuandikiwa A1 eti kwa sababu unaanza, utakuwa umepoteza nauli.

Habari njema ni kwamba huanzi upya. Unachukua leseni ya kujifunzia, unapata mafunzo chuoni, unajaribiwa na trafiki, ukifaulu TRA (Mamlaka ya Mapato) wanaongeza daraja kwenye leseni uliyo nayo. Alama za barabarani unazijua tayari.

Kinachowaponza madereva wa magari ni mikono na miguu. Klachi iko mkono wa kushoto, gia mguu wa kushoto, breki ya mbele mkono wa kulia na ya nyuma mguu wa kulia. Mtu akishtuka anakanyaga mguu wa kulia peke yake kama yuko kwenye gari, halafu tairi la nyuma linaserereka. Fanya mazoezi uwanjani, hasa kwenda polepole bila kushusha mguu na kuzunguka umbo la nane. Kwenda kasi ni rahisi, kila bodaboda anaweza!

Bima nayo iangalie. Ukigonga mtu huku huna daraja husika, kampuni ina sababu ya kukataa kulipa.